Shauri Sasa ni Yako

Baba yangu, Mwalimu Luhaga, alifundisha Kiswahili katika shule ya msingi huko Nassa mpaka akastaafu. Wanafunzi wake wa zamani ninakutana nao sokoni hapa Bariadi, wakati napanga dagaa wangu wa kutoka Lamadi juu ya meza. Wanasema, "Wewe si binti wa Mwalimu Luhaga? Mzee alitunyoosha yule." Nawaambia ndiyo, alitunyoosha. Halafu nawauliza kama wanataka dagaa au wamekuja kupiga soga.

Sasa nitamweleza mimi, na mtu asitegemee nimpake mafuta. Nyumbani kwetu tulizungumza Kisukuma kama watu wote wa kule, lakini baba akirudi kazini na kuvuka kizingiti, Kisukuma kinakoma. Mama, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kununulia chumvi na kibiriti, alikaa kimya tangu jioni mpaka baba aende kulala. Mdogo wangu Jilala aliwahi kunyimwa chakula kwa sababu aliomba "maji nyingi". Alikuwa mtoto mdogo, ana kiu, na baba amekaa pale na kikombe mkononi anamwambia, "Maji mengi. Sema tena." Jilala akalia, akashindwa kusema. Mimi nikamletea maji baadaye, nikayaficha chini ya kanga.

Mfukoni mwa shati alibeba kalamu nyekundu. Alisahihisha barua za watu, kadi za harusi, tangazo la mnada lililobandikwa kwenye mti. Siku moja tulikuwa kwenye mazishi, watu wamesimama na maua mikononi, baba akachomoa kalamu na kurekebisha herufi kwenye msalaba wa marehemu. Mjane alimtazama hivi, akarudi kupanga maua.

Na alisahihisha shairi. Hapo ndipo maisha yangu yalipoingia humo, kwa hiyo nitalieleza vizuri.

Lilikuwa katika kitabu cha darasa la saba, shairi la zamani, mtunzi wake hatajwi. Kijana anataka kuondoka kwao. Mzazi wake anamkalisha na kumpa maneno: ukibaki utapata hiki na utakosa kile, ukienda utapata hiki na utakosa kile. Ukioa wa karibu, ukioa wa mbali. Ukilima, ukichuuza. Kila ubeti unafungwa na kibwagizo kimoja:

Mimi nimesema yangu, shauri sasa ni lako.

Hivyo ndivyo kilivyochapwa. Baba akaona kosa. "Nani anasema shauri lako?" alituuliza darasani. "Umewahi kumsikia mtu sokoni anasema shauri lako? Watu wanasema shauri yako. Huu ni msemo, na msemo haufuati ngeli." Akakata "lako" kwa wino mwekundu, ubeti kwa ubeti, katika kila nakala ya shule, akaandika "yako" juu yake. Tukaimba shairi lote hivyo, shauri sasa ni yako, huku anatupigia mapigo kwa fimbo mezani.

Na kila mtu anajua "shauri yako" ni neno la namna gani. Ndilo unalomwambia mtu anayepanda pikipiki ya dereva mlevi. Ukiumia huko usije kunililia. Basi shairi lote likageuka kitisho. Mtihani ukija unaulizwa ujumbe wake, na jibu lilikuwa moja: shairi linawaonya vijana wanaokaidi wazazi wao. Ukiandika jingine umekosa. Mimi niliandika hilo, nikapata alama zote, na nililiamini kwa moyo wangu.

Nilipokuwa msichana mkubwa nilikuja Bariadi kukaa kwa mama mdogo na kujifunza kushona. Kushona sikuweza, ila nilimpata Tajudin. Ni mtu wa Kondoa, alikuja huku kufuata biashara, akafungua duka la spea za pikipiki nyuma ya soko. Mwislamu, mpole, na hajui ng'ombe hata kidogo. Kwa baba yangu, muumini wa kanisa Katoliki na Msukuma anayemjua kila ndama wake kwa jina, hizo zilikuwa sababu za kutosha kumkataa.

Tajudin alijitahidi, na hili nalisema ili baba alisikie. Alikwenda mnadani, akanunua ng'ombe wa mahari, akakodi wachungaji wawaswage mpaka Nassa. Ilikuwa kiangazi. Baba aliwapokea barabarani, kabla hawajafika uani, akiwa na fimbo yake. Aliwaambia wachungaji wageuze. Mmoja aliomba ng'ombe wanywe kwanza, kwa sababu birika letu lilikuwa pale pale wanaliona. Baba akasema hapana. Ng'ombe wakageuzwa na kiu yao, na mimi, niliyekuwa nimerudi nyumbani kuwasubiri, nimesimama uani naona.

Nikaingia ndani nikafunga nguo zangu. Baba alinisubiri mlangoni, na nilipompita alininyooshea fimbo, akasema kwa sauti ya darasani:

"Mimi nimesema yangu, shauri sasa ni yako."

Kisha akafunga mlango. Nilisikia komeo likiingia.

Roho iliniuma siku ile, na iliendelea kuuma. Nilifunga ndoa bila baba. Nikamzaa Muzdalifa, baba hakuuliza ni mtoto gani. Mama alipofariki nilikwenda kuzika, na baba akasalimia waombolezaji wote kwa mstari, akaniruka mimi kama kigogo cha mti, akamsalimia aliyefuata. Wakati wote huo, kila nilipokwama, duka likiwa halina wateja au mtoto akiwa na homa, nilisikia ile sauti. Shauri yako. Nilijitahidi maisha yaninyookee ili tu nimkomoe.

Miaka ikapita. Mwaka huu, mvua za vuli zilipoanza, Jilala akanipigia simu.

"Dada, mzee yupo stendi hapo Bariadi. Nimemkalisha karibu na kibanda cha tiketi. Macho yamekwisha, anaona vivuli tu. Mimi na mke wangu tumechoka naye. Sasa shauri yako."

Akakata simu. Nilijua kwamba baba amehamia kwa Jilala, Mwamanyili, baada ya presha ya macho kumzidi. Nilijua pia kwamba ameshagombana na kijiji kizima, mpaka alimkatiza katekista katikati ya masomo kanisani ili amrekebishe matamshi. Lakini kumtupa mzee stendi kama gunia la pamba, hilo sikulitegemea hata kwa Jilala. Nikaacha dagaa wangu kwa jirani, nikaenda huku nimefura.

Alikuwa amekaa wima kwenye benchi, fimbo katikati ya magoti, begi miguuni. Watu walikuwa wanamzunguka na mizigo yao. Nikamsalimia kwa Kisukuma, makusudi kabisa.

"Mwangaluka, baba."

"Shikamoo imekufa?" akasema. Halafu akageuza uso. "Nani huyo?"

"Philomena."

Alipapasa begi lake kwa mguu. Nikafikiri labda atasema neno.

"Umechelewa," akasema.

Ningemwacha pale pale. Nasema ukweli, niligeuka nikapiga hatua. Ila watu walikuwa wananitazama, na mimi ni mfanyabiashara wa sokoni, kesho watanunua dagaa kwa nani. Nikanyanyua begi lake.

Tajudin alimpa chumba cha mbele, chenye dirisha. Akamsalimia, "Shikamoo, baba." Baba hakuitika. Asubuhi iliyofuata akamsalimia tena, na jioni, na kesho yake, na hakuitikiwa hata mara moja. Baba hakumwita kwa jina. Alimwita mwenye duka. "Mwambie mwenye duka mlango wake unalia." "Mwenye duka amerudi?" Hiyo ni nyumba ya Tajudin, kitanda ni cha Tajudin, shuka ni za Tajudin. Adhana ikianza msikitini, baba anaongeza sauti ya redio. Nikimpikia ugali wa mtama, anasema mlenda hauna chumvi. Nikiongeza chumvi, anasema nataka kumuua. Alimwomba Muzdalifa amsomee bango la duka la baba yake, na mtoto alipomsomea, akatikisa kichwa, akauambia ukuta kwamba nchi hii imekwisha.

"Mvumilie," Tajudin akaniambia. "Ni mgeni wetu."

"Mgeni ana siku ya kuondoka," nikamwambia. "Huyu tumpangie siku yake."

Nikawa namtafuta Jilala kwenye simu, hapokei. Nilikata shauri kwamba mvua zikipungua, barabara ikikauka, nitamrudisha baba mwenyewe Mwamanyili na kumwacha mlangoni kwa mwanawe. Sikuwa na kigugumizi katika hilo. Nilitaka aondoke nyumbani kwangu, nilitaka nisisikie tena ile fimbo kwenye sakafu yangu, basi.

Jumamosi moja alasiri tulikuwa barazani. Baba kwenye kiti chake, mimi kwenye mkeka nachagua mchele, na Muzdalifa, ambaye yuko kidato cha tatu, anafanya kazi ya shule. Walikuwa wamepewa mashairi ya zamani wayaeleze. Akasoma kwa sauti, na kwa mstari wa kwanza tu nililijua ni lile shairi.

Hakuwa anajua. Sikuwahi kumsimulia mtoto habari za mlangoni. Alisoma ubeti mzima, akafika kibwagizoni.

"Mimi nimesema yangu, shauri sasa ni lako."

"Yako," baba akasema.

Muzdalifa akatazama kitabu. "Kimeandikwa lako, babu."

"Kimekosewa. Wachapaji ni walewale tangu zamani. Sema yako."

"Lakini shauri yako si ni sawa na kumwambia mtu utajijua?"

"Ndiyo maana yake. Utajijua."

Muzdalifa akafikiri, akiwa anatafuna mfuniko wa kalamu. Huyu mtoto hana adabu ya kunyamaza, tabia hiyo ameirithi kwa aliyekaa kwenye kiti. "Sasa babu, mtu wa kusema utajijua anakaa chini kumweleza mwenzake beti zote hizi za nini? Mwalimu wetu akisema utajijua anasema mara moja tu, anaondoka zake."

Nikacheka. Sikuweza kujizuia.

"Onyo huwa refu," baba akasema. Alikuwa ameanza kukaza sauti. "Shairi linawaonya vijana wanaokaidi. Andika hivyo utapata alama zako."

"Na ubeti wa mwisho je? Pale hamwonyi."

Mkono wangu ukasimama kwenye ungo. Shairi lile nililijua lote kwa kichwa, nililijua kuliko sala. Liliishia kwenye kulima na kuchuuza. Baada ya hapo hakuna kitu.

"Ubeti gani wa mwisho?" nikauliza.

"Huu hapa, mama." Akasoma:

Kijana akanyanyuka, mzigo katia kamba,
Mzazi akainuka, hakununa hakugomba,
Fimbo na maji kaweka, mlango wazi wa nyumba,
Mimi nimesema yangu, shauri sasa ni lako.

Nilimwambia asome tena, akasoma tena. Baba aliweka mikono yote miwili juu ya fimbo.

"Baba," nikasema, "ubeti huo ulikuwemo kwenye kitabu chetu?"

"Ulikuwemo."

"Mbona hatukuusoma?"

"Ukurasa ule niliugandisha."

Nikakumbuka. Vitabu vyote vya darasa lile vilikuwa na kurasa mbili zilizoshikana, na tuliambiwa ni unyevu wa stoo. Watoto wengine walijaribu kuzibandua, wakachapwa kwa kuharibu mali ya shule.

"Uliugandisha na nini?"

"Uji wa muhogo."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu umetungwa vibaya," akasema, bado mwalimu. "Mzazi anaonya ubeti mpaka ubeti, halafu mwishoni anatoa maji? Anafungua mlango? Hauendani."

"Hauendani na yako," Muzdalifa akasema. "Ukisema lako unaendana vizuri tu. Amemweleza yote anayoyajua, kisha akamwachia uamuzi. Halafu akamsaidia kuondoka. Si ndiyo ujumbe wenyewe, babu?"

Baba akapapasa kichwa cha fimbo. Na mimi sikumsubiri ajibu, kwa sababu nilikuwa na swali langu, na nilikuwa nimelibeba tangu siku niliyosikia komeo.

"Siku ile mlangoni," nikasema. "Uliponiambia. Ulikuwa unaujua ubeti huu. Ulimaanisha nini?"

Angeweza kudanganya. Mzee, karibu kipofu, yuko nyumbani kwangu, anakula chakula changu. Angesema tu, mwanangu, nilimaanisha mema, ningeshusha pumzi.

"Nilimaanisha yako," akasema. "Nilijua utarudi kabla pamba haijavunwa. Ungerudi, ungepiga magoti, ningefungua."

"Sikurudi."

"Hukurudi," akasema, kama anayenilaumu.

Ungo ule niliurusha. Mchele ulitawanyika baraza zima, mpaka uani kwa kuku. Nilimwambia maneno ambayo Muzdalifa hakuwahi kuyasikia kinywani mwangu. Nilimwambia kwamba alimnyima mama sauti nyumbani kwake mwenyewe, kwamba alinyima ng'ombe maji, kwamba alichukua shairi la mtu aliyekuwa na akili kuliko yeye akalitia wino mpaka likafanana naye. Nikamwambia nimekaa miaka yote nikipigana na laana ambayo hata haikuwemo kitabuni. Alisikiliza yote. Nilipomaliza akasema, "Haikuwemo kitabuni, si haikumo." Sikuwa nimesema haikumo. Alikuwa ananisahihisha kosa ambalo sikulifanya.

Nikachukua simu ya Muzdalifa, namba ambayo Jilala haijui, nikapiga. Akapokea. "Njoo umchukue baba yako kesho," nikamwambia, "la sivyo namleta mimi, na nitakueleza mbele ya kanisa ulipomwacha."

Kumbe alikuwa tayari amebanwa kule. Baba mdogo Mwandu, mdogo wake baba, alikuwa amempa maneno kwamba ni aibu ya ukoo, Mwalimu Luhaga kulelewa kwa mkwe wakati ana mtoto wa kiume mwenye nyumba. Kwa hiyo Jilala akaja Jumapili mchana na gari la kukodi, amevaa suruali ya misa, amenuna. Hakunisalimia vizuri. Akaingia chumba cha mbele, akatoka na begi la baba, akatoka na redio, akatia garini. Fimbo ilikuwa imeegemezwa ukutani barazani, kando ya kiti alichokalia baba, akaichukua nayo, akaitupa kwenye kiti cha nyuma.

"Haya baba, inuka," akasema. "Tumeshaamua."

"Nani ameamua?" baba akauliza.

"Mimi na baba mdogo Mwandu. Inuka, gari la watu."

Baba akanyanyuka. Akapeleka mkono pale ukutani fimbo inapokaa, akapapasa, hakuikuta. Akapapasa chini kidogo, akapapasa pembeni. Hakuuliza iko wapi. Yule mtu aliyesahihisha hata msalaba wa kaburi hakuuliza fimbo yake iko wapi, alisimama tu na kiganja ukutani, anasubiri ashikwe mkono apelekwe.

Nilichokuwa nakiomba kilikuwa kimefika, na gari liko getini. Ningenyamaza tu, angeondoka. Lakini hasira ilinipanda, na mtu asije kuniambia ilikuwa huruma. Ilikuwa hasira, kwanza kwa Jilala, halafu kwa baba kwa kusimama vile.

"Rudisha fimbo yake," nikamwambia Jilala.

"Itamfuata garini."

"Rudisha fimbo."

Akairudisha. Nikaichukua, nikaiweka mkononi mwa baba. Nikaingia ndani, nikajaza maji kwenye chupa, nikatoka nikamshikisha kwa mkono mwingine. Kisha nikaenda kwenye geti, nikasukuma milango yote miwili ikawa wazi kabisa, mpaka ikagonga ukuta. Jilala ananitazama kama nimerukwa na akili. Muzdalifa alikuwa kwenye mlango wa jiko, ameziba mdomo kwa mkono.

"Baba, nisikilize," nikasema. "Ukienda, utakuwa karibu na kanisa lako na kaburi la mama. Watu wa kule wanajua wewe ni nani. Mke wa Jilala atakuwekea chakula na hatasema na wewe, unajua hivyo. Ukibaki, utakula ninachopika, na chumvi natia mimi. Adhana utaisikia, na redio utaipunguza. Mwenye nyumba hii anaitwa Tajudin, na akikusalimia utamwitikia. Na mimi nina hasira na wewe. Nilikuwa nayo jana na kesho nitaamka nayo, usidhani nitaificha kwa sababu huoni. Mimi nimesema yangu." Nikaliachia geti. "Shauri sasa ni lako."

"Yako," Jilala akasema, kwa mazoea. Na yeye alipita darasa lile.

Fimbo ikagonga sakafu.

"Lako," baba akasema. "Shauri, mashauri. Shauri lako, mashauri yako. Nyamaza kama huna hakika."

Jilala akarudi nyuma hatua moja. Nami pia. Baba akafungua ile chupa, vidole vinamchelewesha, akainua, akanywa. Alikunywa polepole mpaka yakaisha, maji yenyewe ya kwenda nayo njiani, akayamaliza palepale barazani. Akaninyooshea chupa tupu, mahali alipodhani nimesimama. Akarudi nyuma mpaka miguu ikagusa kiti, akakaa, akaegemeza fimbo ukutani.

"Nenda salama, Jilala," akasema. "Acha redio."

Jilala alilalamika kidogo kuhusu ukoo na kuhusu gari la watu, lakini alikuwa anaongea na mtu aliyefumba macho. Mwishowe akatoa begi na redio, akaviweka kwenye ngazi, akaondoka. Geti nililiacha wazi vile vile.

Sijamsamehe. Niliandika hilo moyoni nikiwa nimeshika ile chupa, na sijalifuta.

Tajudin alirudi kutoka dukani baada ya alasiri. Alikuta geti wazi, begi kwenye ngazi, mchele wa jana bado umo kwenye nyufa za baraza, na mimi nimekaa mkekani sina kazi mkononi. Akanitazama akitaka kujua kama mzee anaondoka au amerudi. Nikamwelekezea kidevu kwenye kiti cha baba. Akamgeukia baba, kama alivyofanya asubuhi na jioni zote zile bila kuitikiwa.

"Shikamoo, baba."

Baba akashika fimbo, na mimi nikaanza kuhesabu hasira zangu upya.

"Marahaba, Tajudin," akasema. "Kaa hapa. Bango la duka lako lina makosa mawili."